Fikra hai: nitatokaje kwenye dhana kavu mpaka kwenye taswira yenye mwendo?

Mtulivu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaofanya mazoezi haya, si kwa wanaoyasoma tu.

Mtu akiniuliza tofauti kati ya akili ya kuchambua na fikra hai (ile inayofuata kitu kinavyokua na kubadilika) kwa jinsi Goethe, mshairi na mtafiti wa maumbile wa Ujerumani, na Rudolf Steiner, mwanafalsafa aliyeanzisha anthroposofia, walivyoifundisha, namjibu bila kusita. Shida iko hapo hapo: jibu lenyewe ni dhana juu ya dhana. Nikifumba macho kufanya zoezi la mmea unaokua, picha zinakuja moja moja kama picha za mnato zilizopangwa mezani. Mbegu, mche, ua. Mwendo wa kutoka moja kwenda nyingine haupo. Ikifika dakika ya tatu au ya nne, ama usingizi unanyemelea ama mawazo yanahama.

Naomba maelekezo ya kushikika: kitu gani, dakika ngapi, siku ngapi. Na nitajuaje kwamba ninachokiona si ndoto ya mchana?

---

Pingili

Mkuu, nianze na hilo la picha za mnato maana mengine yanalitegemea. Unaanzia katikati. Unataka jicho la ndani lione kitu ambacho jicho la nje halijashiba. Likikosa chakula, akili inaziba pengo kwa inachokijua tayari: mbegu, mche, ua. Hayo ni majina yaliyovishwa picha, na jina halina mwendo.

Goethe alichapisha maandishi yake kuhusu mageuzi ya mimea mwaka 1790, miaka miwili baada ya kurudi kutoka Italia alikoitazama mimea kwa macho yake mahali baada ya mahali. Julai 1794, mjini Jena, alimchorea mshairi mwenzake Schiller mmea wa mfano kwa mistari michache. Schiller akatikisa kichwa: hiki si kitu cha kuonekana, hili ni wazo. Goethe aliudhika, kisha akajibu kwamba basi yeye anafurahi kuwa na mawazo bila kujua, tena anayaona kwa macho. Naona kisa hiki ndicho kipimo cha zoezi lako. Wazo analolisema Schiller ulishalipata. Bado hujatazama mpaka wazo lionekane.

Fanya hivi. Chukua mbegu kumi za maharage. Loweka mbili usiku kucha, uzipande. Baada ya siku mbili loweka nyingine mbili, na kuendelea. Ukimaliza una mimea ya umri wa aina tano mbele yako kwa wakati mmoja. Usisikitike kuchimbua mmoja mmoja uone mizizi, bora ubakize miwili ifike hadi kuzaa.

Kila siku, dakika kumi, chora kwa penseli. Mchoro haulazimiki kupendeza, unalazimika kuwa wa kweli: shina limepinda upande gani, ganda limeanza kubanduka wapi, mzizi umetokea umbali gani kutoka kwenye kile kitovu cha mbegu. Kisha weka kando mmea na mchoro, fumba macho, dakika tano, ujenge upya ulichokiona na si zaidi. Utakuta mashimo. Labda hukumbuki kama majani mawili ya kwanza yana vikonyo au yamekaa moja kwa moja kwenye shina. Usilizibe shimo kwa kubuni. Liandike, kesho uanzie hapo kutazama. Hatua hii peke yake inataka siku kumi, na anayeiruka hurudi nayo mbele ya safari akiwa amechanganyikiwa zaidi. Goethe alisema wazi kwamba ubunifu anaouhitaji mtazamaji wa maumbile ni ubunifu wa hisi ulio sahihi. Watu wanachukua neno ubunifu, neno sahihi wanaliacha njiani.

Hatua ya pili ni mwendo. Chukua kipande kifupi, usijaribu mmea mzima. Kizuri kuliko vyote ni kuchomoza. Udongo unapopasuka, kinachotangulia si ncha. Ni mgongo wa shina lililopinda kama ndoano, kichwa bado kiko chini. Mgongo unasukuma juu, kisha unavuta. Kotiledoni mbili (zile nusu mbili nene za mbegu) zinatoka zikiwa zimefumbana, ganda bado limening'inia. Ndoano inanyooka, kotiledoni zinafunguka, ganda linaanguka. Kipe kinyooko hicho dakika nzima. Usikitazame kama anayeangalia sinema, kifanye mwenyewe ndani, kama unavyonyoosha kidole kilichokuwa kimekunjwa. Halafu rudi nyuma: kutoka shina lililonyooka hadi ndoano, hadi udongo uliofunga. Kurudi nyuma kunakera, na kunakera kwa sababu njema. Kwenda mbele unaweza kusaidiwa na mazoea, lakini kurudi nyuma lazima ukuumbe hatua kwa hatua.

Sasa jambo lenyewe. Majani mawili ya kwanza juu ya kotiledoni ni mazima, yenye umbo la moyo, yanaelekeana. Jani linalofuata ni jingine kabisa: kikonyo kimoja, vijani vitatu. Tazama mmea upendavyo, hutaona jani la moyo likigeuka kuwa jani la vijani vitatu. Halijawahi kugeuka na halitageuka, litabaki pale chini mpaka linyauke. Mwendo kati yao hauko kwenye mmea kama kitu cha kupigwa picha. Uko katika kufikiri kwako, na bado si wa kujitungia, maana mmea unakukataza kupita njia nyingine. Ukiligusa hilo hata kwa sekunde mbili, umegusa kile unachokitafuta.

Kosa la kawaida hapa ni kuliwaza jani la kwanza likichanika vipande vitatu. Hiyo ni kazi ya mkasi. Lirudishe jani la moyo ndani ya chipukizi, dogo, dogo zaidi, mpaka umbo lipotee na ubaki uwezo wa kuwa jani tu. Kaa hapo kidogo. Kisha uache uwezo huo utoke tena, safari hii kwa vijani vitatu.

---

Bi Tafakuri

Pingili amesema la mmea, mimi nichukue la usingizi na mawazo kuhama.

Ndugu Mtulivu, hayo mawili yanafanana kwa juu lakini chanzo chake ni tofauti. Mawazo yanahama kwa sababu nia haijazoea kufika kwenye fikra: kwa kawaida fikra zetu zinaongozwa na vitu vya nje na mazoea, si sisi tunaoziongoza. Usingizi unakuja kwa sababu macho na masikio ndiyo yanayotuweka macho mchana kutwa, na ukiyafunga bila kuwa na nguvu nyingine ya kukushikilia, mwili unafanya unachokijua.

Dawa ya yote mawili Steiner aliiweka ya kwanza katika mazoezi sita anayoyaita ya ziada, na hata jina hilo linawapoteza watu, maana ndiyo msingi. Dakika tano kila siku, fikiria kitu kisicho na mvuto wowote. Pini inatosha, au penseli. Kitu cha kuvutia hakifai kwa sababu chenyewe kinakuvuta, na wewe unataka ufike kwa nguvu yako. Panga fikra zinazoshikamana: pini imetengenezwa na nini, waya ulipatikanaje, kwa nini ncha moja ina kichwa, kwa nini nyingine ina makali, pini ingekuwa nene mara mbili ingeshindwa kazi gani. Kila fikra izaliwe na iliyotangulia. Ukijikuta uko kwenye deni unalodaiwa, usijilaumu. Rudi nyuma kiungo kwa kiungo, kutoka kwenye deni hadi kwenye pini, uone mlango uliotokea. Kisha endelea.

Mwezi mmoja kwa zoezi hilo. Mwezi wa pili ni la nia: chagua tendo dogo lisilo na faida, mfano kuhamisha jiwe kutoka pembe moja ya meza hadi nyingine, saa uliyojipangia mwenyewe, kila siku. Mwezi wa tatu ni utulivu katika furaha na huzuni. Hapa watu wanakosea wakidhani wanaambiwa wasihisi. Unahisi kamili, isipokuwa hisia haikubebi. Wa nne, kutafuta lililo jema hata katika kibaya. Wa tano, kulipokea jipya bila kulikataa kwa sababu ya uliyoyajua jana. Wa sita unayaunganisha. La mwezi uliopita huliachi, unalipunguza tu.

Jioni ongeza la kuipitia siku kinyumenyume, kuanzia kitanda hadi asubuhi, dakika tano hadi kumi. Huwezi siku nzima kwa undani, kwa hiyo chagua kipande kimoja ukifanye kwa ukamilifu. Kama ulipanda ngazi, jione ukizishuka kinyumenyume kutoka ya juu hadi ya chini, mguu kwa mguu. Jitazame kwa nje, kama unavyomtazama mtu mwingine. Zoezi hili na lile la Pingili la kurudi nyuma ni ndugu.

Na mambo ya kawaida tu: keti, usilale. Si baada ya kula. Saa ile ile. Dakika tano za kweli ni bora kuliko nusu saa ya kusinzia, na ukiona umezidisha muda mpaka usiku hupati usingizi au mawazo yanakimbia bila breki, punguza au simamisha. Aliye katika msiba mzito au ambaye akili yake haiko shwari kwa sasa, asianze mazoezi ya taswira. La pini halina neno.

---

Mtulivu

Nashukuruni sana. Majani mawili ya moyo nilikuwa siyajui kabisa, na hilo pekee limenionyesha nilikosimama.

Bado nina wasiwasi mmoja. Nikiyachukua haya yote, je, ndiyo naiaga akili ya kuchambua? Na lile swali la ndoto ya mchana bado linanikaba.

---

Duara

Mleta mada, usiiage. Anayeiacha akili ya kuchambua kabla hajaimudu haendi mbele yake, anarudi nyuma yake, kwenye hisia nzitonzito zinazojiita za kiroho. Dhana kavu imetupa kitu kimoja cha thamani kubwa: haitulazimishi. Pembetatu haikuvuti wala haikuogopeshi. Uhuru huo ndio unaobebwa kuingia kwenye taswira. Ndiyo maana kwa wenye vichwa vya hesabu napendekeza jiometri kabla ya mmea, au sambamba nao.

Steiner, katika mihadhara yake ya Berlin ya Januari 1914, alitumia pembetatu. Ukisema pembetatu kwa ujumla, akili inaona ama pembe kali ama pembe butu, moja mahususi, kisha inadai kwamba ya jumla ni jina tu. Wacha pande zake zitembee, kila upande kwa mwendo wake, bila kukoma popote. Pembetatu ya jumla ni mwendo huo. Zile zilizochorwa ni mahali mwendo uliposimama.

Zoezi zito zaidi ni hili, na lifanyike kwanza kwa karatasi. Weka nukta mbili, sentimita 10 kati yao. Tafuta nukta zote ambazo umbali wake kutoka ya kwanza ukizidishwa kwa umbali kutoka ya pili unatoa 60. Utapata umbo kama yai lenye ncha mbili butu, linalofika sentimita 9.2 kutoka katikati kwa upande na 5.9 kwa juu. Punguza iwe 41: kwa upande 8.1, kwa juu 4, na kiuno kimeanza kuingia. (Kiuno huanza ukishuka chini ya 50.) Fika 25: kiuno kimefungana, mistari inapishana katikati, una nane iliyolala. Sasa shuka hadi 16. Umbo limekatika. Una vitanzi viwili, kila kimoja kikianzia sentimita 3 kutoka katikati na kuishia 6.4, na kati yao karatasi ni nyeupe.

Funga daftari, upite njia yote kwa ndani, bila kuruka, dakika tano. Kutoka 60 hadi 25 ni rahisi. Ukivuka 25 utasikia kitu kinakatika, na macho ya ndani yatataka kuchagua kitanzi kimoja na kukiacha cha pili. Usikubali. Kanuni ni ile ile moja, haijakatika popote. Kilichokatika ni sehemu yake inayoonekana. Shika vitanzi viwili kama umbo moja ambalo njia yake ya kutoka hiki hadi kile haipiti kwenye karatasi. Kisha panda tena hadi 60.

Anayeweza kushikilia hilo ameona kwamba usahihi haupungui unapotoka kwenye dhana. Unaongezeka. Kwenye dhana unawajibika kwa sharti moja mwanzoni. Hapa unawajibika katika kila hatua ya njia.

---

Pingili

Duara, umenena. Niongeze tu kwamba Heinroth, daktari Mjerumani, mwaka 1822, aliisifu fikra ya Goethe kwa kusema haijitengi na vitu vyake, na Goethe alilipenda neno hilo hata akaliandikia makala mwaka uliofuata. Fikra isiyojitenga na kitu, kwa mmea au kwa mchoro.

Mtulivu, kuhusu ndoto ya mchana. Ndoto inaanza yenyewe, inakwenda kunakoipendeza, na ukitoka huwezi kusema ulipitia wapi. Taswira ya zoezi umeianzisha wewe, unaweza kuisimamisha popote, kuirudisha, na kuisahihisha kwa mmea ulio mbele yako. Ndoto inakulisha, nayo kazi ya taswira inakuchosha kama kubeba maji. Kama umemaliza dakika tano za ndoano ya maharage ukiwa umeburudika tu, kagua tena.

Ua likija, endelea na lile la kupanuka na kubanwa. Goethe alihesabu mara tatu tatu: mbegu imebanwa, majani yanapanuka, sepali (vijani vinavyofunika ua) zinabana, petali zinapanuka, stameni na pistili (viungo vya uzazi, vya kiume na vya kike) zinabana, tunda linapanuka, mbegu inabana tena. Usihesabu kwa kichwa, fuata kwa pumzi ya ndani. Na tumba changa la maharage, yaani lile ganda refu lenye mbegu ndani, ni zawadi: ni kama jani lililokunjwa likaungana kingo. Pasua kwenye mshono polepole uone mbegu zinavyogawana, moja kushoto, inayofuata kulia, zikipishana kwenye kingo zile mbili.

---

Bi Tafakuri

Kuna kipimo kingine ambacho Pingili hakukitaja, cha kufuta. Ukishaijenga taswira na kuishika, iondoe yote kwa nia, ubaki macho bila kitu. Sekunde kumi zinatosha mwanzoni. Ndoto haifutiki, ikiondolewa inaleta nyingine. Taswira uliyoijenga kweli inafutika, na kinachobaki ni ile nguvu uliyojengea, tupu, iko kazini. Steiner anaweka ngazi tatu hapa: kwanza taswira, kisha uvuvio, kisha kuungana na kinachojulikana. Mlango wa ngazi ya pili uko kwenye kufuta huku. Kwa hiyo usizipende mno picha zako hata zikiwa nzuri. Rangi na nuru zinazojileta zenyewe miezi ya mwanzo ziache zipite, usizitafsiri, usizisimulie.

Na lile sharti lake linalorukwa na wengi: kwa kila hatua moja katika ujuzi wa mambo ya siri, hatua tatu katika tabia njema. Lina sababu ya kiutendaji. Taswira inapata nguvu, na tamaa na hofu za mtu zinapata nguvu ile ile ya kujipaka rangi ndani yake. Mwenye kiburi ataona mambo ya kumsifu, na ataapa kwamba ameyaona.

---

Mtulivu

Nimewasoma wote. Naanza pini leo, mbegu mbili za kwanza naloweka usiku huu. Swali dogo la mwisho: maharage yakishazaa, natafuta mmea mwingine?

---

Pingili

Bado. Nusu ya zoezi inabaki. Steiner, katika maelekezo aliyoyachapisha kuanzia 1904, anataka mtu atazame kinachochipua na kinachonyauka kwa uzito sawa, na watu wengi hung'oa mmea mara unapokuwa wa manjano. Uache. Majani yataanza kupoteza kijani chini, yapande juu, yadondoke. Tumba litakauka mpaka likitikiswa lisikike. Chora kila siku kama mwanzo, dakika kumi, kisha dakika tano macho yamefumbwa, mbele na nyuma. Utaona kwamba kunyauka si kuchipua kulikogeuzwa: jani halirudi kwenye chipukizi, linabaki na ukubwa wake huku kitu kikiliachia.

Ukizitoa mbegu, chukua moja uiweke mezani kando ya mbegu ya udongo uliyoifinyanga na kuipaka rangi mpaka macho yasitofautishe. Dakika tano kwa ile, dakika tano kwa hii.